Jiwe la Bibi Mwatumu na Mnyororo wa Wizara

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na sababu yake ni ya heshima kabisa: zamu yake ya kuchorwa ilipofika, mchoraji alikuwa semina. Msiitafute. Wala msianze kukonyezana na kusema "aa, tumeijua," maana mimi ni raia mwema na serikali yangu naipenda. Yote nitakayoyasema humu ni sifa.

Mtaa wetu unaitwa Bombamoja, kwa kuwa tuna bomba moja. La pili tumeahidiwa kila uchaguzi, na utepe wake umekwishakatwa na mheshimiwa mmoja, tukapiga makofi, kisha utepe ukarudishwa ofisini kwa matumizi mengine. Sisi tukaendelea na lile la kwanza, ambalo maji yake hutoka yakipenda.

Kwa kuwa mtu hawezi kukaa bombani kutwa nzima akaacha kazi, tulikuwa na desturi yetu ya mawe. Kila nyumba ina jiwe lake. Unaliweka kwenye mstari, unakwenda zako, na jiwe linakushikia zamu. Langu mimi, Baba Hiari, ni kipande cha tofali. La Bibi Mwatumu ni kipande cha jiwe la kusagia, jeusi, laini kwa kushikwa. Mtaa mzima unajua jiwe la nani ni lipi, na kanuni ni moja tu, tuliyofundishwa kabla ya kuota meno: jiwe la mtu haliguswi.

Kulikuwa na jambo moja lililozidi kanuni, nalo ni kupisha. Nyumba ikipata msiba, au mwanamke akishikwa na uchungu, hakuna anayeomba wala anayeombwa. Kila mtu anatoka, anasogeza jiwe lake mwenyewe nyuma hatua moja, na jiwe la wenye shida linakaa mbele. Hatukuwa na karatasi ya jambo hilo. Tulikuwa na haya tu.

Basi, likaja boza. Lilikuwa boza la Wizara ya Maji na Mambo Mengineyo Yanayotiririka, na kila alfajiri lilikuja bombani kwetu kuchota maji ya bustani ya waziri, Mheshimiwa Dakta Ngubiti. Si kwamba waziri hakuwa na bomba nyumbani kwake. Alikuwa nayo mengi, ila maji ya mtaani, alisema mtunza bustani wake, yanaipendeza zaidi nyasi ya kigeni. Boza likija linakanyaga mawe yetu, na tukiamka tunakuta foleni imekuwa kokoto. Tulipolalamika, wizara ilitujibu kwa adabu kubwa kwamba haina boza.

*

Bibi Mwatumu alikuwa na mjukuu, Zamoyoni, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto. Zamoyoni alisomea mambo ya kompyuta akarudi na kompyuta mpakato isiyo na herufi M, lakini ilifanya kazi, na yeye ndiye aliyekuja na habari ya kitu ambacho wataalamu wanakiita blokucheni. Sisi tulikiita Mnyororo, tukaelewana.

Alimweleza Bibi barazani, wakichambua choroko, nami nilikuwepo kwa ajili ya kuonja.

"Bibi, kila simu ya mtaa huu itabeba foleni nzima," alisema. "Kila zamu imefungwa kwenye zamu iliyotangulia. Mtu akitaka kujipenyeza, lazima azidanganye simu zote kwa mpigo, na wote tunamwona."

"Kama mawe," Bibi akasema.

"Kama mawe. Ila boza haliwezi kuyakanyaga."

"Penye wengi hapaharibiki neno. Hilo nimelipenda." Bibi akatoa kijiwe kwenye choroko, akakitupa uani. "Na kupisha je, mke mwenzangu? Hiyo simu ina haya?"

Zamoyoni akazichambua choroko zile zile mara ya pili. Lakini wiki hiyo hiyo alirudi akiwa na kitufe kilichoandikwa NAPISHA. Wengi wetu tukikibonyeza, jina la mwenye shida linakwenda mbele. Bibi alikibonyeza mara nyingi, hata kwa watu wasio na shida yoyote, kwa kuwa alipenda mlio wake.

Kwenye koki ya bomba Zamoyoni alifunga kidubwasha kidogo kinachofungua maji kwa mwenye zamu tu. Tulijaribu. Ikafanya kazi! Aliyekuwa na simu ya maana aliweka foleni ndani yake, aliyekuwa na simu ya tochi alipata ujumbe, asiye na simu alishikiwa na jirani. Nilichota maji kwa zamu yangu bila kumtukana mtu, jambo ambalo lilinifanya nijisikie mgonjwa.

Asubuhi moja boza likaja. Dereva wake, Shomvi, kijana aliyezaliwa mtaa wetu huu huu na kukulia mikononi mwa Bibi Mwatumu kama watoto wengi wa hapa, akashika koki. Kidubwasha kikasema kwa sauti ya Zamoyoni, "Samahani, zamu yako bado. Mbele yako yupo Mama Hiari." Shomvi akacheka mpaka akakaa chini. Akaondoka na boza tupu. Baada ya siku chache nyasi ya kigeni ikaanza kuota rangi ya samli, na wizara ikamwita Zamoyoni ili impongeze.

*

Aliyempongeza ni Bwana Sakafu, Mkurugenzi wa Taratibu, mtu mpole ambaye hajawahi kukataa jambo lolote maishani mwake. Yeye huomba kiambatisho tu. Zamoyoni alitusimulia baadaye, nami nawapeni kama alivyotoa.

"Binti, hongera sana. Sasa, mwenye mnyororo huu ni nani?"

"Hana mwenyewe, mzee. Ni wa wote."

"Wote ni nani? Wote ana ofisi? Tukimwandikia barua huyo Wote, ataisaini wapi?"

"Haihitaji kusainiwa, mzee. Simu zenyewe zinakubaliana."

"Zinakubaliana bila kikao?" Bwana Sakafu aliwatazama wenzake. "Bila posho ya kikao?"

Hapo wenzake wakaanza kuingiwa na wasiwasi. Mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia ugonjwa wa ndugu yake, kama kilichoandikwa humo kinafutika.

"Hakifutiki," Zamoyoni akasema.

Mtu akainuka akafunga dirisha.

"Hata mheshimiwa akitaka?"

"Hata mimi niliyekitengeneza."

"Mwanangu," Bwana Sakafu akasema, machozi yakimlengalenga, "nchi yenye kumbukumbu zisizofutika itaongozwaje?"

Hawakumkatalia. Walimtaka tu awe na leseni. Kwa kuwa katika daftari la leseni hapakuwa na kifungu cha kitu kama hicho, walitafuta kilicho karibu, wakampa leseni ya kuuza minyororo ya mbwa na baiskeli. Mkaguzi wa mifugo akatumwa kuja kuiona. Alikagua simu ya Bibi, akaandika kwamba haina kupe.

Yakafuata masharti. Mnyororo uwe na mwenyekiti. Kila zamu ipigwe muhuri na Bwana Sakafu, saa za kazi, isipokuwa akiwa kwenye chai. Pawepo Kitengo cha Ufutaji, chenye gari. Nafasi ya kwanza kwenye foleni, siku zote, iwe ya wizara, na iitwe Kiungo Mama. Na kile kitufe cha NAPISHA kiondolewe, kwa kuwa kinahamasisha wananchi kuamua mambo wakiwa wamesimama. Atakayetaka kupishwa ataomba kwa maandishi.

Zamoyoni akasema hataki tena, wamrudishie chombo chake. Wakamwambia anayo haki hiyo kikamilifu, na bomba litafungwa siku hiyo hiyo kwa kukosa leseni.

Alirudi nyumbani analia kwa hasira. Bibi akamfuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mtoto akililia wembe, mpe," alisema.

"Bibi, watakaokatwa ni sisi!"

"Najua. Lakini bila maji tutakufa kabla ya kukatwa." Kisha akatoka, akaokota jiwe lake jeusi pale bombani, akaliweka mlangoni kwake. "Hili nalihifadhi. Sijui, lakini nalihifadhi."

*

Uzinduzi ulifana. Waliletwa wapiga tarumbeta, na turubai, na viti vya wageni, na maji ya chupa kwa ajili ya wageni waliokuja kuzindua maji. Mheshimiwa Dakta Ngubiti alihutubia mpaka kivuli kikahama.

"Ndugu wananchi! Dunia ya leo inakwenda kwa minyororo! Babu zetu walifungwa minyororo bila ridhaa yao. Sisi leo, kwa mara ya kwanza katika historia, tunajifunga wenyewe, kwa hiari yetu, kwa teknolojia ya kisasa!"

Tulipiga makofi. Nilipiga kuliko wote, kwa sababu aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anaandika majina.

Baada ya hapo maisha yakawa rahisi. Kwanza, ili uingie kwenye Mnyororo ulipewa maneno yako kumi na mawili ya siri, uyakariri, usimwambie mtu wala usiyaandike. Ukiyasahau, basi umekwisha, hakuna wa kukukumbusha. Ya kwangu yalianza na "twiga, sufuria, toba." Mama Hiari aliyasahau ya kwake akiwa bado kwenye mstari wa kuyapokea. Fundi cherehani wetu aliyaandika ukutani, sebuleni, kwa mkaa, na wageni wote wakawa wanayasoma wakisubiri chai.

Ndipo akatokea mpwa wa Bwana Sakafu, jina lake Kiroboto, akafungua mwavuli kwenye kona ya mtaa. Akawa wakala. Unamwachia maneno yako ya siri, naye anayakumbuka kwa niaba yako, kwa ada ndogo. Baada ya mwezi, siri za mtaa mzima zilikuwa kichwani mwa Kiroboto. Zamoyoni alipiga mayowe: chombo alichokitengeneza ili tusimtegemee mtu yeyote kimetufanya tumtegemee Kiroboto! Lakini Kiroboto alikuwa na kitambulisho, na mayowe hayana.

Bibi Mwatumu peke yake alikataa. Alipelekewa maneno yake, akayasikiliza, akasema, "Haya. Siri yangu na Mola wangu," na hakumwambia hata Zamoyoni.

Pili, simu ilitaka chaji, na umeme wetu una tabia za yale maji. Pakawa na foleni ya kuchaji simu. Simu ilitaka bando, pakawa na foleni ya bando. Pakawa na foleni ya Kiroboto, na foleni ya muhuri kule wizarani, ambayo wazee waliiendea na mikeka. Bombani penyewe hapakuwa na mtu. Mheshimiwa alipita siku moja na wageni kutoka ng'ambo, akasimamisha msafara, akawaonyesha bomba limesimama peke yake, koki imekauka, kuku analala chini yake.

"Mnaona?" akawaambia. "Foleni imekwisha."

Wageni wakapiga picha. Nchi yetu ikapewa tuzo, na tuzo yenyewe ikawekwa wizarani chini ya ulinzi.

*

Bibi Mwatumu alifariki siku ya Alhamisi, asubuhi, baada ya uji. Hakuugua. Alimwambia Zamoyoni, "Ngoja nijinyooshe," akajinyoosha.

Nilimpenda sana yule bibi, nisiseme uongo. Aliniokota matopeni mara nyingi nikiwa mdogo, na mara kadhaa nikiwa mkubwa.

Maiti haingoji. Tulitaka kumsitiri siku hiyo hiyo, na ili asitiriwe aoshwe, na ili aoshwe yapatikane maji. Ndani ya nyumba zote za Bombamoja hapakuwa na maji ya kujaza hata ndoo moja safi, maana muhuri wa wiki ile ulikuwa haujatoka. Bwana Sakafu alikuwa kwenye chai. Waoshaji walikaa chumbani na vitambaa vyao na ubani, wakitazama beseni tupu.

Zamoyoni alikwenda bombani. Akabofya jina la Bibi, akaandika ombi la kupishwa, sababu: msiba. Kidubwasha kikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyoirekodi alipokuwa na furaha:

"Ombi lako limepokelewa. Ili kuthibitisha, tafadhali marehemu aingize maneno yake kumi na mawili ya siri."

Akajaribu tena. Kikamkumbusha kwamba marehemu amebakiwa na nafasi moja kabla ya kufungiwa.

Niliwahi kumwona Zamoyoni akilia, lakini siku ile hakulia. Alikaa chini kwenye matope yaliyokauka, akaweka paji la uso kwenye bomba. "Ni mimi nililifunga hili, Baba Hiari," akaniambia. "Kwa mikono yangu. Alinilea, halafu namnyima maji ya mwisho."

Nikamwambia ainuke, watu wanatazama, ambalo ndilo neno la kijinga kuliko yote niliyosema mwaka ule.

Na hapo tukasikia boza.

Lilikuja mchana kweupe, kwa kuwa sasa lilikuwa na haki. Ndani, karibu na Shomvi, alikaa Bwana Sakafu mwenyewe, chai imekwisha, amekuja kushuhudia Kiungo Mama kikichota. Kidubwasha kikasema, "Karibu, Wizara," koki ikafunguka kwa furaha. Maji yakatoka kwa nguvu ambayo sisi hatujawahi kuonyeshwa. Tulisimama tukayasikiliza yakijaza tangi.

Mama Hiari, mke wangu, ndiye aliyeondoka kwanza. Nilidhani anakwenda kulia. Kumbe alikwenda mlangoni kwa Bibi, akalitazama lile jiwe jeusi, akamwita Zamoyoni.

"Njoo ulichukue. Mimi siwezi kuligusa, si langu."

Zamoyoni akainuka, akalibeba kwa mikono miwili, akaja akaliweka barabarani mbele ya gurudumu la boza. Nikakimbilia kipande changu cha tofali. Nililikuta nyuma ya choo, lina vumbi, nikaliweka nyuma ya la Bibi. Fundi cherehani akaleta la kwake. Wakaja wa uchochoro wa juu na wa uchochoro wa chini, kila mtu na jiwe lake, na hakuna aliyeuliza nani wa kwanza. Foleni ilitoka kwenye gurudumu ikavuka barabara yote ikapinda kwenye kona. Kila mtu alikuwa ameacha hatua moja nyuma ya jiwe la Bibi.

Tangi likajaa. Shomvi akawasha gari, akaona mawe, akazima.

"Nenda," Bwana Sakafu akamwambia.

"Siwezi, bosi. Kuna mawe."

"Yakanyage! Si siku zote unayakanyaga?"

"Siku zote ni gizani, bosi, siyaoni ni ya nani." Shomvi alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. "Lile la mbele ni la Bibi Mwatumu."

"Basi shuka uyaondoe!"

"Jiwe la mtu haliguswi."

"Hiyo iko kwenye kifungu gani?"

Shomvi alishuka, akavua kofia ya wizara, akaiweka kwenye kiti chake. Akamwendea Zamoyoni, akampa mkono wa pole, akauliza, "Ameoshwa?"

"Bado," Zamoyoni akasema. "Hakuna maji."

Kijana yule akazunguka nyuma ya boza, akafungua mpira. Tulipanga ndoo, mabeseni, masufuria, hata ule mwavuli wa Kiroboto tuliugeuza juu chini. Bwana Sakafu alisimama kando akiomba kiambatisho. Tuliendelea kuchota. Bibi Mwatumu alioshwa kwa maji ya bustani ya waziri, mengi, ya kumwagika, na tukamzika kabla jua halijatua.

*

Kilichobaki ni sifa tu, kama nilivyowaahidi.

Mnyororo ulikwishaandika, kwenye simu zote, kwamba siku ile wizara imechota, na Zamoyoni akaongeza humo humo kwamba maji yameishia Bombamoja. Kitengo cha Ufutaji kilikuja na gari lake, kikafuta kutwa nzima. Haikufutika. Zamoyoni alikuwa amewaambia ukweli, na ukweli ni kitu ambacho ofisi zetu huwa haziko tayari nacho. Basi kisichofutika hupambwa: jioni redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Dakta Ngubiti, kwa huruma yake, ametoa boza zima la maji kwa ajili ya mazishi ya bibi mmoja maskini. Kufa kufaana. Shomvi, badala ya kufukuzwa, akapewa cheti.

Zamoyoni alikifungua kile kidubwasha kwa spana akakitia mfukoni. Anasema iko siku atakirudisha, na kitufe chake, siku tutakapopata nchi inayokiweza. Anaendelea kukitengeneza barazani, kwenye kompyuta isiyo na M. Sisi tulirudi kwenye mawe.

Wizara haikukasirika. Ilituma afisa tu, na kalamu, aje ayasajili mawe yote kama vyombo vya teknolojia vinavyotumika bila leseni. Alikuja asubuhi, akainama kwenye jiwe la kwanza, lile jeusi.

"La nani hili?"

"La Bibi Mwatumu," tukamwambia.

Akaandika. Akasubiri. Mama Hiari akajaza ndoo yake, akaondoka. Fundi cherehani akajaza yake. Jiwe jeusi likabaki mbele palepale, na hakuna aliyeligusa. Afisa akatazama foleni, akatazama karatasi yake.

"Kama ndiye wa kwanza," akauliza, "mbona yeye hachoti?"

Zamoyoni alikuwa ameshika koki. Akamtazama.

"Amepisha."